Siku Mwalimu Alipozima Sauti

Kurasa zangu zilikuwa nne na nilizipenda kupita kiasi. Kazi ilikuwa kuchambua video moja ya muziki wa roki kwa mambo matatu: utanzu, yaani aina ya muziki, usimulizi, na uwakilishi, yaani jinsi watu wanavyoonyeshwa. Nilichagua "Smells Like Teen Spirit" ya bendi ya Nirvana, ya mwaka 1991, kwa kuwa wimbo wenyewe nilikuwa naujua nje ndani.

Utanzu haukunisumbua. Magitaa, nywele usoni, nguo za kushindia nyumbani, moshi, mwanga wa rangi ya kutu. Mistari sita, basi. Kwenye usimulizi ndiko nilikojimwaga: wanafunzi wameketi kwenye ukumbi wa michezo wa shule, wanaanza kutikisa vichwa, mwishowe wanashuka na kuvuruga kila kitu. Mapinduzi! Kila aya niliishindilia maneno ya wimbo.

Mwalimu akaiweka video kwenye skrini ya darasa, akazima sauti.

"Haya, tusimulie."

Nikakwama. Bila wimbo, mapinduzi yangu yaliyeyuka. Nilibaki nikitazama vijana waliochoka kukaa. Kumbe ndivyo ilivyokuwa. Mwalimu alitueleza kwamba mwongozaji, Samuel Bayer, aliwakalisha vijana wale kwa saa nyingi huku wimbo uleule ukirudiwa, mpaka mwimbaji wa bendi, Kurt Cobain, akamshawishi awaache washuke. Kilele nilichokisifu kilikuwa, kwa sehemu kubwa, watu waliochoshwa na kazi.

Kisha akasimamisha picha. "Na huyu?"

Alikuwa mfanya usafi wa shule, anacheza na dekio lake.

"Huyo ni wa pembeni tu, Mwalimu."

"Nani kamweka pembeni, kamera au wewe?"

Darasa likaguna. Kamera inamrudia mara kadhaa. Katika kurasa zangu nne hakuwamo hata kwa bahati mbaya. Wasichana washangiliaji, wenye herufi A ndani ya duara kifuani, alama ya wanaopinga utawala wa aina yoyote, niliwapa aya nzima chini ya uwakilishi, na nikiisoma leo naona aibu: nilieleza miili yao, ile alama nikaitaja kama pambo la nguo.

Usiku ule nilianza upya. Nilizima sauti, nikachora safu mbili: nani anaonekana, kwa muda gani. Alipotokea mtu wa dekio niliirudisha video nyuma, nikahesabu sekunde zake kwa vidole.