Nilivyoipoza kompyuta yangu kwa maji na rejeta ya gari

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi, na chumba changu kiko Mbagala, Dar es Salaam, chini ya bati. Mchana wa Februari joto la chumbani hufika nyuzi 33. Kompyuta yangu ya mezani, niliyoinunua ikiwa imeshatumika, ilikuwa ikipanda hadi nyuzi 97 kila ninapotoa video ndefu baada ya kuihariri. Hapo prosesa, ubongo wa kompyuta, hujipunguzia kasi yenyewe isije ikaungua, na kazi ya saa moja inakula saa mbili. Niliongeza feni, nikafungua ubavu wa kasha, nikabadilisha pesti ya kupitishia joto juu ya prosesa. Nafuu ilikuwa kidogo mno.

Ndipo nikageukia maji. Kilo moja ya maji hubeba joto mara nne hivi ya kilo moja ya hewa, na pampu ndogo inatosha kulitoa joto hilo nje ya kasha, hadi kwenye rejeta inayoyapoza maji.

Kibamba cha kukalia juu ya prosesa nilikitengeneza kwa kipande cha shaba cha unene wa milimita 5, kutoka kwa wauza vyuma chakavu. Nilikilaza kwenye msasa uliotandikwa juu ya kioo, nikasugua kuanzia namba 220 hadi 1000. Jioni mbili nzima. Usiharakishe hapa, kwa sababu penye bonde shaba haigusi prosesa na joto halipiti. Fundi wa rejeta wa mtaa wa Gerezani alikiwekea mfuniko wa shaba wenye vijibomba viwili vya kuvalisha mipira, akaziba kwa lehemu.

Kosa langu lilikuwa kwenye rejeta. Nilichukua ya alumini kwa kuwa ilikuwa nyepesi na rahisi. Wiki ya tano maji yakawa na ukungu, unga mweupe ukaganda ndani ya mipira, na joto likaanza kupanda tena. Nilirudi Gerezani, yule fundi akaikwangua kwa kisu, akaitazama. "Mwanangu, hii alumini. Ukiichanganya na shaba kwenye maji mamoja, italiwa mpaka itoboke."

Akanitafutia rejeta ndogo ya hita ya gari la zamani, ya shaba. Kwangua kabla ya kulipa. Ukiona wekundu, ndiyo yenyewe.

Maji ninayotia ni yale safi ya kuongezea betri, wala si tindikali. Ya bomba huacha ganda la chumvi. Kopo la maji nimeliweka juu kuliko pampu ili pampu isivute hewa, na kila mpira nimeubana kwa klipu ya chuma.

Kabla ya kuunganisha mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, niliendesha pampu peke yake saa 24. Pawa saplai, kile kisanduku cha kuipa kompyuta umeme, niliiwasha kwa kuunganisha waya wa kijani na mweusi kwenye plagi yake kubwa ya kuingia kwenye mazabodi, huku nimetandika tishu chini ya kila kiungo. Kufika asubuhi tishu moja ilikuwa imelowa. Nilikata ncha ya mpira ule, nikauvalisha upya, nikahesabu saa 24 nyingine.

Sasa nikitoa video mchana, prosesa hukaa nyuzi 68. Haiwezi kushuka chini ya joto la chumba, lakini kasi haipungui tena. Juzi, baada ya miezi sita, nimebadilisha maji. Yalitoka maangavu kabisa, bila chembe ya unga.