Darasa la saa nne

Nilipomwambia mama kwenye simu kwamba leseni yangu inadai darasa la saa nne, akauliza, "Asubuhi au usiku?" Haya, tuseme masaa manne. Huku Texas fundi umeme anayasoma kila mwaka ndipo ahuishe leseni: kanuni za NEC (ndicho kitabu cha kanuni za umeme cha Marekani), sheria za jimbo na usalama kazini. Mimi nimepiga wayaringi Tanga, nikaja Houston nikasota saa 8,000 chini ya fundi mkuu kabla ya kupewa leseni yangu. Masaa manne niliyaona karanga.

Kuna rafiki yangu, fundi vilevile, akanishauri: "Kaka, usijitese. Fungua kozi, iache itembee, wewe lala. Ukiamka imeisha." Nikalipa kama dola thelathini hivi, siku mbili kabla leseni haijakufa, nikaegesha kompyuta juu ya kapu la nguo na kuvuta shuka. Kumbe kila baada ya muda kinatokea kidirisha kinachouliza kama upo. Mimi sipo, niko Tanga ndotoni nakula samaki. Alfajiri nakuta nimehesabiwa dakika kumi na mbili.

Sikukoma. Jioni nikamkalisha mwanangu wa miaka tisa pale, ujira aiskrimu, kazi yake kubonyeza kwamba tupo. Alibonyeza vizuri sana. Ila sura ikiisha kuna maswali kumi, na mtoto mwenye bidii hangoji kuulizwa: akayajibu yote mwenyewe. Akapata mawili. Moja kati ya hayo, nakiri, mimi ningelikosa. Liliuliza kama soketi inaruhusiwa ubavuni mwa ile meza ya katikati ya jiko, chini ya ukingo. Miaka yote nimeziweka hapo, ningejibu ndiyo bila kusoma. Yeye kajibu hapana. Umejuaje? "Baba, si mdogo wangu alivuta waya, wali ukamwagika?"

Na ndiyo sababu yenyewe! Waya unaning'inia, mtoto anavuta, chungu cha moto kinamshukia. Toleo la NEC la 2023, ambalo Texas ililianza tarehe 1 Septemba 2023, limeikataza soketi ya chini. Unaiweka juu ya meza, au unaacha maandalizi ya kuifunga baadaye.

Basi nikaketi nikasoma, safari hii jikoni, kila kanuni naitafuta kwa macho. Zamani kinga ya GFCI, ile inayokata umeme mkondo ukianza kuvuja, ilidaiwa kwa soketi za juu ya meza. Sasa ni soketi zote za jikoni, hata ya friji iliyojificha nyuma. Nikavuta friji nione. Sitasema nilichokikuta huko nyuma.

Mafundi mnaotoka nyumbani, rangi za nyaya ziangalieni. Kwetu, kwenye nyumba zenye nyaya za rangi za zamani, nyekundu ndiyo yenye moto na nyeusi ni nyutro. Huku nyeusi ndiyo yenye moto, nyutro nyeupe. Kichwa hujifunza kwa siku moja, mkono unachukua mwaka. Wa kwangu ulinyooka kwenye nyeusi kwa imani kabisa, na tangu hapo testa haitoki mfukoni. Halafu kabla ya kulipia kozi hakikisheni mtoaji ameidhinishwa na TDLR, idara ya Texas inayotoa leseni. Mwenzangu alinunua ya bei chee iliyotengenezwa kwa jimbo jingine, akasoma yote, saa zake hazikuhesabiwa hata moja.

Nilimaliza karibu usiku wa manane, leseni ikapona. Tatizo ni mke wangu, aliyekuwa akiniletea chai na kusikiliza. Sasa anataka soketi ya chini ya meza yetu ing'olewe. Nimemweleza kwamba nyumba hii ni ya zamani na kanuni hairudi nyuma. Akasema yeye siyo NEC.