Karatasi iliyobaki nyuma ya mizani

Jumapili, nyumbani kwa mama kule Chamwino, chungu cha mlenda kilikuwa juu ya mafiga tangu saa tano. Binti yangu alikikodolea macho, kisha akaniuliza, "Baba, mbona sahani yetu tuliiweka kwenye jiko ikapasuka, na hiki cha bibi hakipasuki?"

Mama akaniwahi. "Hiki kina vigae ndani, mjukuu wangu."

Mama huviponda vyungu vilivyovunjika, huvichekecha, akavichanganya na udongo mpya. Ufa ukianza kwenye chungu cha namna hiyo hugonga punje ya kigae, ukakata kona, ukaishia njiani. Nikaukumbuka usiku mmoja maabara.

Nilikuwa natengeneza visahani 12 vya zirkonia, kauri ya oksidi ya zirkoni. Mchanganyiko ulikuwa gramu 50: zirkonia 47.32 na itria (oksidi ya itriamu) 2.68, yaani asilimia 3 ya itria kwa hesabu ya moli, ambayo huhesabu idadi ya chembe badala ya uzito. Poda ilizunguka kwenye kinu cha mipira saa 24 ndani ya ethanoli, ikakaushwa, ikachekechwa, ikatiwa matone machache ya gundi. Kila kisahani kilishindiliwa kwenye kalibu ya milimita 13 kwa uzito wa kama tani moja na nusu. Tanuri nililipandisha nyuzi 1 kwa dakika hadi 500, maana gundi ikiungua haraka moshi wake hutoboa kauri kutoka ndani. Kisha nyuzi 5 kwa dakika hadi 1500, likakaa hapo saa mbili.

Usiku wa manane lilikuwa limeshuka hadi 940. Jengo zima kimya, feni nimezima. Nikasikia *tik*. Nikadhani ni bati la paa linajikunja kwa baridi. *Tik*, halafu *tik-tik*. Nikasogeza sikio karibu na tundu la kutolea hewa, joto likinichoma shavu, nikaelewa kwamba sauti zinatoka ndani. Nilisimama pale nikizihesabu. Nilipofika 30 na kitu niliacha kuhesabu. Hakuna la kufanya muda huo. Ukifungua mlango kwenye nyuzi 900 unapasua hata kile ambacho kingepona.

Asubuhi, joto lilipokuwa chini ya 100, nikafungua. Trei ilikuwa na makombo. Kisahani kimoja kilionekana kizima, nikakigusa kwa koleo kikagawanyika vipande vitatu, kingo zake zikimomonyoka kama chaki.

Zirkonia isiyo na itria hufanya hivyo. Juu ya nyuzi 1170 fuwele zake hujipanga kwa mtindo wa tetragonali. Ikipoa, kwenye 950 hivi, hurudi kwenye mtindo mwingine, monokliniki, na kuvimba asilimia 4 hadi 5 kwa ujazo. Udongo mbichi ungenyumbuka, kauri iliyokwisha kuiva haina pa kwenda. Itria ndiyo huizuia isigeuke. Sasa itria yangu iko wapi? Niliinua mizani ili nifute meza, nyuma yake kulikuwa na karatasi ya kupimia imekunjwa vizuri, na mwandiko wangu juu yake: *itria 2.68*.

Nilirudia kazi yote, visahani vikatoka vizima. Lakini kilichonikaa moyoni ni kwamba uvimbe ulionivunjia kazi ndio unaoifanya zirkonia iwe ngumu kuvunjika. Mwaka 1975 Garvie, Hannink na Pascoe, watafiti wa Australia, walilionyesha hilo. Fuwele zikizuiwa zibaki tetragonali hadi kwenye joto la kawaida, hukaa zikisubiri. Ufa ukifika, mvutano kwenye ncha yake huzifungua, zinavimba papo hapo na kuubana ufa usiendelee. Itria ikikosekana zote hugeuka kwa pamoja na kila kitu kinabomoka. Ikizidi sana hazigeuki kabisa, na ufa unapita bila kizuizi.

Nilimweleza binti yangu nusu ya hayo, naye akarudi kwenye chungu. Nikamuuliza mama huweka vigae kiasi gani. Akasema hapimi, hukanda mpaka udongo uache kung'ang'ania vidole.

Nilimwomba donge moja la udongo huo, nikalifunga kwenye gazeti. Kesho nalikausha kwa nyuzi 110, kisha nalipima.