Wale madereva wa farasi wa Gettysburg

Jumamosi iliyopita nilikuwa ofu, mara ya kwanza baada ya wiki tatu za kulala kwenye tela, nikamchukua mpwa wangu tukatoka hapa Maryland asubuhi, tukashika barabara ya 15 kutoka Frederick kwenda juu mpaka Gettysburg, Pennsylvania. Ile barabara naipita na mzigo kila wakati na kila nikipita naona kibao cha uwanja wa vita najiambia siku moja ntashuka, miaka minne sasa sijawahi kushuka. Safari hii tumeshuka.

Nlikuwa nimeshamwambia mpwa wangu habari za Kikosi cha 9 cha Mizinga cha Massachusetts kwasababu ndo kitu kilichonivuta mimi kule. Ana miaka 14, kazaliwa hapa hapa, Kiswahili chake anakisikia vizuri ila kukiongea anachanganya. Tumefika pale barabara ya Wheatfield penye mizinga iliyopangwa, namwonyesha hapa walisimama, pale farasi walisimama nyuma yao, kila mzinga na farasi wake na watu wamekaa juu ya farasi. Akaniuliza, "Anko, hawa wa kwenye farasi, wao walikuwa wanapiga nini?"

Nikamwambia hawapigi kitu. Wameshika hatamu tu.

Hilo swali nimelibeba mpaka leo ndo maana naandika. Mi ni dereva, nimeendesha Dar mpaka Tunduma, Tunduma mpaka Lusaka, sasa naendesha huku, na katika habari zote za ile vita watu wanawataja makapteni na majenerali na mizinga yenyewe, dereva hatajwi. Lakini ukielewa jinsi kikosi cha mizinga kilivyokuwa kinafanya kazi utaona bila yule jamaa hakuna kikosi, kuna machuma tu yamelala shambani.

Ngoja nieleze. Vita yenyewe ni ile ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, 1861 mpaka 1865, majimbo ya kusini yalijitenga ili yabaki na utumwa wao. Jeshi la kudumu la serikali lilikuwa dogo sana kwahiyo karibu vikosi vyote ni vya kujitolea, jimbo linaita vijana wake, wanaandikishwa kwa miaka mitatu. Massachusetts peke yake ilitoa vikosi 16 vya mizinga myepesi, na hiki cha 9 kiliandikishwa Agosti 1862. Hawa hawakuwa wanajeshi. Ni raia waliotoka kwenye kazi zao za kawaida wakaambiwa huu ni mzinga, jifunzeni.

Mizinga yao ilikuwa sita, aina ya Napoleon, ya shaba, mtutu peke yake unakaribia kilo 560. Kila mzinga unafungwa nyuma ya kigari cha magurudumu mawili chenye kasha la risasi, na hicho kigari kinavutwa na farasi sita, wawili wawili, jozi tatu. Kila jozi ina dereva mmoja, anakaa juu ya farasi wa kushoto na yule wa kulia anamwongoza kwa mkono. Nyuma ya kila mzinga kuna gari lingine la kubeba risasi za akiba, nalo farasi sita, madereva watatu. Sasa piga hesabu mwenyewe, mzinga mmoja farasi 12 na madereva sita. Yule dereva wa jozi ya nyuma kabisa mguu wake wa kulia unakaa karibu na mti wa gari ule mrefu unaopita katikati ya farasi, kwahiyo walikuwa wanavaa kinga ya ngozi yenye chuma mguuni usije ukasagwa. Nlipoiona hiyo kinga kwenye kabati la kioo nilisimama pale muda mrefu.

Alafu vita ikianza, mzinga unafunguliwa, unageuzwa kumtazama adui, wale wapigaji wanaanza kazi. Mmoja anasafisha mtutu na kushindilia, mwingine anaweka risasi, mwingine anaziba tundu la nyuma kwa kidole gumba kilichovalishwa ngozi ili cheche isilipue baruti kabla ya wakati, mwingine anavuta kamba, mlio. Kazi imewashika, hawana nafasi ya kufikiria. Dereva yeye anakaa nyuma yao juu ya farasi, ameinuka juu kuliko kila mtu, anatazama risasi zinavyokuja, na haruhusiwi kuondoka kwasababu farasi wakikimbia mzinga umepotea. Maadui wanalijua hilo, kwahiyo wanalenga farasi.

Kiongozi wao alikuwa Kapteni John Bigelow, kijana wa miaka 22, alitoka chuo cha Harvard akajiandikisha kama askari wa kawaida, alishajeruhiwa mwaka mmoja kabla ya hapo. Alikabidhiwa kikosi mapema 1863 akakuta nidhamu imelegea, akawafanyisha mazoezi mpaka wakamchukia, kufunga farasi, kufungua, kugeuza, kupanda, kushuka, siku nzima. Walikuwa wanalinda Washington tu, vita hawajaiona. Mwishoni mwa Juni wakatolewa kwenda kuungana na jeshi kubwa, na tarehe 2 Julai 1863 wakaingizwa vitani kwa mara ya kwanza kabisa. Siku yenyewe ikawa hiyo.

Kilichotokea ni kwamba Jenerali Sickles aliwasogeza watu wake mbele mpaka shamba la mapichi bila ruhusa ya Jenerali Meade aliyekuwa mkuu wa jeshi lote, akaacha mstari umekaa kama kiwiko, unapigwa pande mbili. Kikosi cha Bigelow kikawekwa kuziba pale barabara ya Wheatfield kama saa kumi na nusu jioni. Wakapiga weee, mpaka ule mstari wa mapichi ukavunjika na askari wa miguu waliokuwa wanawalinda wakaondoka. Wakabaki peke yao mbele. Amri ikaja, rudini nyuma.

Sasa hapa ndo penyewe. Ukitaka kurudisha mzinga nyuma kawaida unaufunga kwenye kigari, unageuza, unakimbia, lakini ukigeuka tu bunduki zinakumaliza. Bigelow akaamuru mizinga ifungwe kwa kamba ndefu, kama vile sisi tunavyovuta gari lililoharibika njiani, upande mmoja kigari chenye farasi, upande mwingine mzinga, mdomo bado unamtazama adui. Wanapiga, mzinga unaruka nyuma kwa nguvu ya mlio wake, farasi wanavuta, wanajaza tena huku wanatembea, wanapiga. Kama mita 350 hivi mpaka kwenye shamba la familia ya Trostle. Mtu yoyote aliyewahi kuvuta gari kwa kamba anajua kamba ikilegea ni tatizo na ikikaza ghafla ni tatizo, na hawa walikuwa wanafanya hivyo huku farasi wa pembeni anaanguka amekufa kwenye hatamu, inabidi wamkate wamwache, waendelee na watano, alafu na wanne.

Wamefika kwenye kona ya ukuta wa mawe pale Trostle, wanajiandaa kukimbia, akaja Luteni Kanali Freeman McGilvery mbio juu ya farasi wake. Akawaambia nyuma yao hakuna kitu. Ni uwazi mtupu, hakuna askari hata mmoja, na yeye anahitaji muda akusanye mizinga mingine apange mstari kule nyuma. Kwahiyo wabaki hapo, kwa gharama yoyote. Yani kikosi cha watu 104, vita yao ya kwanza, wameambiwa nunueni muda.

Waliokuwa wanawajia ni Wamississippi wa kikosi cha 21, jeshi la kusini. Bigelow akawaagiza wamwage risasi chini karibu na mizinga ili kujaza kuwe haraka. Wakatumia makopo, kopo la bati lina golori za chuma 27, likitoka mdomoni linapasuka zinasambaa, na wakawa wanaweka makopo mawili kwa mkupuo mmoja. Wale jamaa bado wanakuja tu, wanazunguka pembeni, wanapanda juu ya magari ya risasi na kuwapiga madereva na farasi kwa karibu. Luteni Erickson akauawa. Luteni Whitaker akapigwa, akafa baadae kwa majeraha hayo. Bigelow mwenyewe risasi mbili, akaanguka. Kama nusu saa ndo walikaa pale.

Mpiga tarumbeta wake anaitwa Charles Reed, naye kijana tu. Bigelow akamwambia niache ujiokoe, Reed akakataa, akampandisha juu ya farasi akamwongoza taratibu kwenda nyuma, katikati ya adui na mizinga ya upande wao wenyewe ambayo tayari ilikuwa imejaa na inasubiri wapite ipige. Walikuwa wanapungiwa mkono waharakishe, lakini mtu aliyejeruhiwa hivyo huwezi kumkimbiza. Reed alikuja kupewa Nishani ya Heshima 1895, na anastahili.

Hesabu ya mwisho, watu 28 kati ya 104 wameuawa, kujeruhiwa au kupotea. Farasi 80 kati ya 88. Mizinga minne ikabaki mikononi mwa adui kwasababu hakuna cha kuivuta, ila na wao hawakuiondoa, jioni hiyo hiyo ikarudi kwa wenyewe. Na McGilvery alishapanga mstari wake wa mizinga kule nyuma, ule uwazi ukazibwa.

Ghala la matofali la Trostle bado lipo na tundu la kombora ukutani liko vile vile, mpwa wangu akalipiga picha. Lakini mi picha iliyonikaa ni ile ya mpigapicha Timothy O'Sullivan aliyefika siku chache baada ya vita, uani kwa Trostle farasi wamelala kila mahali, wengine bado wana mikanda. Mama mwenye nyumba alipokuja kudai fidia aliandika farasi 16 waliokufa karibu na mlango wake. Alirudi nyumbani na watoto akakuta hivyo.

Kitu kingine nataka kusema kwa sisi watu wa pwani. Mi ni mtu wa Tanga, bibi yangu mpaka anafariki kitambaa cheupe kigumu alikuwa anakiita merikani, na sikuwahi kujiuliza kwanini. Kitambaa hicho kilikuwa kinatoka Massachusetts huku huku, wafanyabiashara wa Salem wanakipeleka Zanzibar, balozi wao mdogo wa kwanza pale alifika 1837. Na pamba yake ililimwa kusini na watumwa, wengine Mississippi kwenyewe. Vita ilipoanza pamba ikakatika, merikani ikaadimika pwani yetu na vitambaa vya Uingereza na India vikachukua soko. Kwahiyo vita hii ilitugusa mwilini kabisa, kwenye nguo, na Zanzibar nako biashara ya watumwa bado ilikuwa inaendelea miaka hiyo hiyo.

Na pale Gettysburg penyewe walikuwepo watu weusi huru. Jeshi la kusini la Jenerali Lee lilipoingia Pennsylvania liliwakamata watu weusi, hata waliozaliwa huru, likawapeleka kusini. Kwahiyo wengi walikimbia kabla halijafika. Mmoja aliitwa Abraham Brian, alikuwa na shamba lake dogo la eka 12 juu ya kilima, alilinunua 1857, akaondoka na familia yake.

Basi tarehe 3 Julai, siku ya shambulio kubwa la Jenerali Pickett wa kusini, Luteni Richard Milton ndo ofisa pekee aliyebaki mzima kwenye kikosi cha 9. Alikuwa na mizinga miwili iliyowahi kutoka Trostle, mmoja ulipinduka kwenye geti wakauinua huku wanapigwa. Akaipeleka mpaka kwenye miti ya Ziegler, akaiweka hapo. Kikosi kikaendelea na vita mpaka 1865, Petersburg na kwingine, lakini mi nilitaka kuona hapo tu.

Tulienda kwa miguu, jua linaelekea kuzama. Kuna jiwe dogo la kumbukumbu, na ukigeuka hivi unaiona nyumba nyeupe ndogo na ghala lake, mpwa wangu akauliza ile ni ya nani, nikamwambia ya Abraham Brian. Akaenda kuisoma kibao chake, akarudi kimya, akanishika mkono kama alivyokuwa ananishika akiwa mdogo tukivuka barabara. Tukakaa pale kwenye nyasi mpaka mlinzi wa hifadhi akaja kutuambia wanafunga.