Kitara cha kijeshi huku Leeds, na watu wanaokiri pigo

Assalaam alaykum na habari zenu wote. Mimi ni mtu wa Lamu, niko Leeds huku Uingereza mwaka wa sita sasa, kazi yangu ni ya kea, naangalia wazee na shifti zangu nyingi ni za usiku, na leo siandiki habari za viza wala baridi maana hizo mshazisoma sana, nataka niwaelezee kitu ninachofanya kila Jumanne jioni ambacho mamangu mpaka leo akipiga simu ananiuliza, "Na ule upanga, bado?"

Bado mama. Napigana kwa kitara, ule upanga uliopinda, ila huu wa kwetu ni wa kijeshi wa Kizungu, wa askari wa farasi na maofisa wa karne ya 18 na 19. Kuna watu huku wanavisoma vile vitabu vya zamani vya mafunzo ya jeshi, wanavifanyia mazoezi mpaka mwili unaelewa, halafu wanavaa kinga na kupambana kweli kweli, kwa kasi, kila mtu anatafuta kumgusa mwenzake bila kuguswa. Vitara vyenyewe ni vya chuma ila makali yametolewa na ncha imefanywa butu.

Nilifikaje huko? Makumbusho ya silaha ya Royal Armouries yapo hapa hapa Leeds, pembeni ya mto, na kuingia ni bure, nilikuwa nimetoka shifti mvua inanyesha nikaingia tu nipate joto. Nikakuta deraya ya tembo, wallahi, tembo mzima kavishwa chuma, ya India ya wafalme wa Mughal. Nikapanda juu nikasimama mbele ya vitara karibu nusu saa nzima, kwa sababu kwetu neno kitara nalijua tangu mtoto, kwenye hadithi za bibi kila shujaa ana kitara, lakini kukikazia macho namna ile sikuwahi. Mtu mmoja pale akaniona sibanduki akaniambia kuna kikundi kinafanya mazoezi kwenye ukumbi wa kanisa, Jumanne, njoo uone.

Mwalimu wetu anapenda sana kitara cha mwaka 1796, cha askari wa farasi wepesi wa Uingereza, na akikisimulia unaelewa kwa nini. Kulikuwa na ofisa anaitwa John Gaspard Le Marchant, alikwenda vitani Flanders, upande wa Ubelgiji ya leo, miaka ya 1793 na 1794, akaona aibu: askari wa kwao wanapewa panga mbovu na hawafundishwi kuzitumia, wengine wanajikata wenyewe au wanamkata farasi wao. Akarudi, akakaa na mfua panga wa Birmingham anaitwa Henry Osborn, wakatoa kitara kilichopinda vizuri, urefu wa chuma chake kama sentimita 83, kinazidi upana karibu na ncha ili kikishuka kishuke na uzito wake, na mwaka huo huo kikatoka kitabu cha mafunzo yake. Yeye mwenyewe aliuawa Salamanca kule Hispania, Julai 1812, akiongoza kikosi cha farasi. Na mpaka leo majenerali wa Uingereza kwenye sherehe wanavaa kitara chenye mpini wa Kimamluki, yaani wa wale askari waliotawala Misri zamani, muundo wa 1831. Mimi nilipoambiwa hivyo nilifurahi sana, maana umbo lile lilitoka upande wetu wa dunia, kwa Waturuki na Mamluki, halafu leo nalifundishwa na Mwingereza.

Ukutani tunatundika kitambaa kina duara na mistari saba inayokutana katikati. Hiyo ni mikato saba ya mafunzo ya Henry Angelo, mwalimu wa upanga wa Kiingereza wa zama hizo, wa kwanza na wa pili inashuka kimshazari, wa tatu na wa nne inapanda, wa tano na wa sita inalala, wa saba unashuka wima kichwani. Unasimama mbele ya kitambaa unafuata mistari kwa ncha, moja, mbili, tatu, mpaka mkono unawaka moto. Mimi nilikifanya miezi miwili kabla sijaruhusiwa kupambana na mtu, na nashukuru.

Kinga ni muhimu jamani, msije mkaiga hii kitu na mafagio nyuma ya nyumba. Kofia ya wavu wa chuma yenye kiwango cha nyutoni 1600 (nyutoni ni kipimo cha nguvu), kinga ya kisogo, kinga ya koo, jaketi nzito, viwiko, na glavu. Kwenye glavu nilibania pesa, nikanunua nyepesi, na kwenye kitara mkono ndio kitu kilicho karibu zaidi na adui kwa hiyo ndio unaopigwa kwanza, nikala pigo la dole gumba likavimba wiki mbili na kazini natakiwa kumgeuza mzee kitandani, nilikuwa nabana meno tu. Nikanunua glavu nzuri mwezi uliofuata.

Sasa niwaambie kitu kimoja kilichonifungua macho kuliko vyote. Mtu akikukata mguu wa mbele, akili inakwambia shusha kitara ukinge. Usikinge! Vitabu vya zamani, kile cha Charles Roworth cha 1798 kwa mfano, vinakazania uuvute mguu nyuma ukutane na ule mwengine, usimame wima, na papo hapo ukate kichwa chake au mkono. Kwa nini inafanya kazi? Simama unyooshe mkono sawa na bega, hapo ndipo unapofika mbali kabisa. Sasa ushushe kuelekea goti la mtu, utaona ncha imerudi nyuma. Kwa hiyo anayefuata mguu lazima asogee karibu sana na ainamishe kichwa, na wewe uliyesimama wima unamfikia yeye hakufikii. Mara ya kwanza ilipokubali ilikuwa kama muujiza, kitara chake kilipita hewani pale mguu wangu ulipokuwa, nikasikia upepo wake kwenye suruali, na changu kikatua juu ya kofia yake, tang, taratibu kabisa wala sikutumia nguvu.

Kilichonifanya nibaki lakini ni kingine. Kwetu pale hamna taa za umeme za kuonyesha nani kaguswa kama kwenye Olimpiki, na mazoezi ya kawaida hayana refa. Aliyepigwa ndiye anayesema. Mwezi wangu wa kwanza wa kupambana nilipewa bwana mmoja mkubwa, mrefu kunizidi kichwa kizima, tukasukumana pale, na katikati ya purukushani ncha yangu ikamgusa kidogo tu juu ya kifundo cha mkono, mimi mwenyewe sikuwa na hakika, aliyeona hakuna. Akasimama. Akainua mkono wa kushoto, akagusa pale pale nilipompata, akasema "ndiyo, hapa," akanipa saluti ya kitara tukaanza upya.

Ndugu zangu mlioko ughaibuni mtanielewa. Miaka sita huku kila ninachosema lazima kiwe na karatasi, kupanga nyumba karatasi, benki karatasi, kazini nikisema nimefanya masaa fulani naambiwa lete ushahidi. Halafu jioni moja mtu asiyenijua ananipa haki yangu sijaidai hata mimi. Nilirudi nyumbani kwa basi nikiwa na furaha ambayo sikuweza kumueleza mtu.

Na inakwenda pande zote mbili, kwa sababu kitara kina makali upande mmoja na unatakiwa upige na makali, ukipiga kwa bapa, ule ubavu wa upanga usiokata, hilo si pigo. Mimi nilikuwa na tatizo hilo sana, mkono wangu ulizoea fimbo, na fimbo haina makali. Basi nikimpata mtu akainua mkono kukiri, na mimi nimehisi kitara kimegeuka hewani, nasema hapana, lilikuwa bapa, usihesabu. Na tukipigana kwa pamoja, mimi nimempata na yeye kanipata, hakuna anayepata kitu, wote tumekufa hapo, tunapeana saluti tunarudi nyuma. Wanaopigana pamoja mara nyingi mwalimu anawasimamisha, anawaambia waliotunga mafunzo haya walitaka warudi nyumbani wazima.

Hiyo fimbo ninayoisema ni ya kirumbizi. Mtu wa Lamu anajua, kwenye harusi na Maulidi ngoma inalia, zumari inalia, wawili wanaingia kati na bakora zao, mmoja anapiga mwengine anakinga, watu wamewazunguka. Ami yangu ni bingwa wa hiyo, nimekua nikimtazama miguu yake. Na Waingereza nao walikuwa na fimbo yao ya mazoezi, yenye kikapu cha kukinga mkono, ndiyo waliyofundishia upanga, mpaka ikaingia Olimpiki ya 1904 kule St. Louis. Kwa hiyo walivyoniona siku ya kwanza nasogea kidogo kidogo kwa ubavu wakaniuliza umejifunza wapi, nikawaambia harusini.

Mwezi uliopita mwenzetu mmoja alinirekodi kwa simu nikipambana na kijana mwanafunzi, dakika mbili hivi, nikamtumia ami kwa WhatsApp. Nilidhani atacheka hizo kofia. Akanipigia usiku, kaiangalia mara nyingi, cha kwanza akanikemea, "Mwanangu, mguu wako wa mbele unautupa mno, huo utakatwa." Nikamwambia ami ndio hilo hilo mwalimu ananiambia kila wiki. Kisha akaniuliza, yule kijana pale mwisho mbona kasimama kainua mkono, kaumia? Nikamwambia hakuumia, nilimpata begani, anakubali kwamba kapigwa. Akanyamaza kidogo, nikasikia anairudisha video nyuma anaitazama tena.

"Huyo muungwana," akasema. "Mpe salamu zangu."

Jumanne nikazifikisha.