Karafuu, thomu na Pemba mbili: nilivyowafundisha wa uzamili kutafuta maandiko

Niliambiwa: wazungushe maktaba, waoneshe rafu, waoneshe kompyuta, saa moja inatosha, watu wazima hao. Nikasikiliza. Nikatayarisha slaidi karibu sitini, nikaeleza AND, OR na NOT, maneno ya kuunganisha au kutenga unachokitafuta, mpaka koo likakauka. Wakapiga makofi, wakaenda zao. Haikupita muda wamejipanga mlangoni kwangu na kauli moja: "Mwalimu, mada yangu haina maandiko." Na mada yenyewe karafuu za Pemba! Jamani.

Siku hizi kikao cha kwanza hakiwashwi kompyuta, na hata umeme ukikatika hatuna habari. Karatasi na kalamu ya risasi, basi. Swali la utafiti liandikwe kwa sentensi moja, yapigiwe mstari mambo mawili au matatu yaliyobeba maana, kila jambo lipewe safu yake. Chini ya safu yanashuka majina yote: la Kiswahili, la Kiingereza, la kisayansi, na la kisayansi la zamani. Hilo la mwisho ndilo wanalolisahau wote. Karafuu leo ni Syzygium aromaticum, lakini wataalamu wa enzi za ukoloni waliiandika Eugenia caryophyllata au Eugenia aromatica. Ukitafuta kwa jina jipya peke yake, unaziruka kazi zilizoandikwa juu ya ule ugonjwa uliokuwa ukikausha mikarafuu ghafla, waliouita "sudden death". Hata fangasi aliyelaumiwa miaka ya 1950, Valsa eugeniae, bado anatembea na jina la zamani mgongoni.

Kikao cha pili ndipo ninapojifurahisha. Nawaambia: andikeni "clove Pemba" kwenye Google Scholar, ile Google ya kutafutia maandiko ya kitaaluma, tuone. Inakuja thomu, maana Mwingereza kidole cha thomu nacho hukiita clove. Inakuja Pemba ya Msumbiji, mji wa Cabo Delgado uliokuwa ukiitwa Porto Amélia. Wanakuja waandishi wa Nepal, kwani Masherpa mtoto akizaliwa Jumamosi humwita Pemba. Darasa likishacheka, somo limeshaingia nusu.

Mjuaji mmoja hakosekani, atakimbilia alama ya kutoa: -Mozambique. Matokeo yanasafika kweli, lakini imetupwa pia kila makala iliyozitaja nchi zote mbili, na za uvuvi wa pwani hii nyingi ziko hivyo. Bora kuongeza kuliko kupunguza: "Pemba Island" ndani ya alama za kunukuu, kisha OR, kisha Zanzibar.

Mabano nayo yana kesi yake. Ukiandika clove AND Pemba OR Zanzibar bila mabano, PubMed, hazina ya mtandaoni ya makala za tiba na sayansi ya viumbe, husoma kutoka kushoto kwenda kulia, kwa hiyo inakupa karafuu za Pemba pamoja na kila kilichoandikwa kuhusu Zanzibar, malaria na kichocho vikiwemo. Funga clove OR Syzygium OR Eugenia kwenye mabano yao, weka AND, kisha majina ya pahala kwenye mabano ya pili. Nyota ya mwisho wa neno, clove*, PubMed inaikubali ikitanguliwa na herufi nne au zaidi, ila inakukokotea na clover, majani ya kulishia ng'ombe. Hapo andika clove OR cloves kwa mkono, yaishe. Google Scholar haiitumii nyota hivyo kabisa, OR inaitaka kwa herufi kubwa, na mstari wa kutafutia unakomea herufi 256. Safu zako zikiwa ndefu, gawa utafute mara mbili. Na isikutishe ikidai ina matokeo elfu arubaini. Itakufungulia elfu moja tu.

Ukipata makala moja nzuri, usiiache. Rejea zake zinakurudisha nyuma, na kiungo cha walioinukuu, kile cha chini ya tokeo, kinakupeleka mbele.

Kuna wanaolipa dola thelathini na kitu kwa makala moja, nikisikia roho inaniuma. Chuo kikiwa kimesajiliwa Research4Life, mpango unaovipa vyuo vya nchi maskini majarida bure au kwa bei nafuu, ingia kwanza kwenye lango lao kwa akaunti ya chuo, ndipo ulifuate jarida humo humo ndani. Ukilifikia kupitia Google, mchapishaji hakujui wewe ni nani, anakuomba pesa.

Rejea iliyotungwa na akili mnemba naipima mbele yao: DOI yake, yaani namba ya utambulisho wa makala, tunaibandika doi.org. Ama haifunguki, ama inafungua makala ya mtu mwingine kabisa.

Wa historia nawaambia mapema, majalada mengi ya Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani, Unguja, hamtayaona mtandaoni. Utapanda daladala. Nakili kumbukumbu nzima, herufi za kundi, namba ya fungu na namba ya jalada, kabla hujafungua ukurasa wa kwanza. Aliyeandika "faili la karafuu, AB" alirudi upya, na AB ni Sekretarieti nzima ya Waingereza.

Na kila mmoja ana daftari: tarehe, pahala alipotafuta, maneno aliyoyaandika herufi kwa herufi, yaliyotoka mangapi, aliyoyabakisha mangapi. Msimamizi huliomba siku ya kuandika sura ya mbinu. Ninalo moja mezani sasa hivi, mstari wake wa kwanza unasomeka: Google Scholar, clove Pemba, thomu tupu.