Deni limefutwa, haya nauli yangu je?

Keki ilikuwa ya ghorofa tatu, ya harusi Shangani pale Mtwara, krimu nyeupe na maua ya zambarau, na nilitoka nayo Lindi saa 11 alfajiri ili jua lisinikute njiani. Kuanzia Mingoyo mpaka Mikindani niliendesha kama nimepakata mtoto mchanga, kila tuta nalipanda taratibu naliomba msamaha, nikafika mjini salama kabisa. Nikasimama karibu na soko dakika 10 tu ninunue riboni na vile vijiti vya kushikilia ghorofa maana niliviacha mezani nyumbani, kurudi nakuta tairi la mbele limepigwa cheni.

Mi nikajua ni ushuru wa maegesho wa zile dakika 10 sijaulipia, nikatoa pochi. Kijana ana kimashine chake mkononi akaniambia hapana mama, wewe unadaiwa ya nyuma, tiketi 14, pamoja na faini jumla 84,000, zote za hapahapa Mtwara. Nikamwambia soma tarehe. Akasoma. Aisee, tarehe zile gari yangu ilikuwa gereji Lindi, injini iko chini imefunuliwa kama pilau, wiki tano nzima napanda bodaboda na mabeseni ya unga. Nikamwambia, akanisikiliza vizuri tu, ana adabu yule kijana, akasema nakuelewa mama ila mimi sina uwezo wa kufungua, lipa kwanza halafu malalamiko utayapeleka ofisini.

Tumebishana kama dakika 40. Jua la Mtwara mnalijua. Gari imefungwa vioo, nimeacha kimoja nusu, na ndani mle kuna krimu. Mwisho nikaomba kontroo namba nikalipa kwa simu huku natetemeka, cheni ikatolewa, nafika ukumbini ghorofa ya juu imeshainama kama mzee anasinzia. Mama wa bi harusi akaitazama, akanitazama, akakata 50,000 kwenye hela niliyokuwa namdai. Sikumlaumu, hata mimi ningekata.

Sasa ofisi yenyewe siitaji na wala haina haja, maana ninachotaka kusimulia sio kesi ya lile deni. Kushinda kulikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa. Safari ya kwanza waliniambia nilete kopi ya kadi ya gari, maelezo ya fundi na hati ya kiapo. Safari ya pili nikapeleka. Safari ya tatu nikakutana na dada mmoja ambaye kumbe ndo wa kwanza kufikiria kufungua picha zilizopigwa siku zile, akageuza kompyuta nione: Noah nyeupe. Mimi nina IST ya bluu! Namba zinafanana tofauti herufi moja, V ilisomwa U, basi. Dada akacheka, na mi nikacheka ila changu hakikuwa kicheko. Nikaandikiwa barua kwamba deni halikuwa langu na limefutwa.

Kuhusu zile 84,000 nilizokwisha lipa, wakapendekeza zibaki kwenye mfumo kama salio, nitakuwa nakatwa nikipaki. Jamani mimi naishi Mtanda, Lindi, Mtwara naenda mara mbili kwa mwezi kukiwa na oda, hilo salio ningelimaliza wajukuu wangu wakiwa na leseni. Nikakataa, nikaandika barua, baada ya miezi miwili na simu zisizo na idadi hela ikaingia kwenye akaunti. Hapo kila mtu nyumbani akanipongeza, mume wangu akasema yaishe sasa. Yaishe vipi? Mimi nilikuwa na daftari.

Daftari la oda zangu, ukurasa wa nyuma, nimeandika kila nilichotoa tangu siku ile. Mafuta safari ya kwanza nilipoenda na gari, 40,000. Coaster safari mbili, kwenda na kurudi 16,000, hivyo 32,000. Bodaboda kutoka stendi ya Mkanaledi na kurudi, 8,000. Wakili wa kiapo na muhuri wake 20,000. Steshenari, kuchapa barua na kopi, 4,500. Vocha za kupiga simu 6,000. Kula 9,000. Na ile 50,000 ya krimu. Jumla 169,500. Yaani nimetumia mara mbili ya deni ili kuthibitisha kwamba sidaiwi, na waliokosea sio mimi.

Nikampigia mtoto wa shangazi yangu, yeye ni wakili hapo Mtwara, nikamwambia kaka nataka hela yangu yote na ya usumbufu juu. Akacheka kwanza. Afu akasema dada, kufutiwa deni na kulipwa gharama ni vitu viwili tofauti kabisa, watu wanadhani cha pili kinakuja chenyewe nyuma ya cha kwanza kama behewa. Kwenye kesi ya mahakamani ndo kuna ule utaratibu wa aliyeshindwa kubeba gharama za aliyeshinda, ipo kwenye Sheria ya Mwenendo wa Madai, na mahakama ikiamua kutompa mshindi gharama inabidi iseme kwa nini. Lakini wewe hukwenda mahakamani, akasema, wewe ulipeleka malalamiko ofisini wakakubali. Hapo hakuna hakimu wa kumwambia mtu mlipe huyu nauli.

Nikasema basi tuwashtaki. Akaniuliza unajua kuishtaki taasisi ya serikali inaanzaje? Unatoa notisi ya siku 90, unamuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na kesi inafunguliwa Mahakama Kuu, sio Mahakama ya Mwanzo pale jirani na kwako. Mahakama Kuu kwa bahati ipo Mtwara penyewe, lakini Mahakama Kuu kwa ajili ya coaster na chipsi? Nikakaa kimya. Nilikuwa najiona nimesimama mbele ya jaji na daftari la keki.

Halafu akaniambia nisomee hilo daftari. Nikamsomea, na hapo ndo aliponiudhi kweli maana alikuwa anakata kama yule mama wa harusi. Mafuta 40,000: kwa nini ulienda na gari wakati coaster ni 16,000, ukidai hasara unatakiwa uwe umejitahidi isiwe kubwa. Kula 9,000: hata ungebaki Lindi ungekula. Vocha: una risiti inayoonyesha hizo simu zilipigwa kwao? Sina. Coaster: tiketi ziko wapi? Sasa tiketi ya coaster ya Lindi Mtwara ukipandia njiani unaitoa wapi, safari ya tatu nilimwomba konda aniandikie hata kwenye kikaratasi akanitazama kama namtongoza. Bodaboda ndo kabisa.

Akanieleza kwamba hasara unayoweza kuihesabu, shilingi kwa shilingi, wanasheria wanaiita hasara maalum, na hiyo lazima uitaje moja moja na uithibitishe moja moja, Mahakama ya Rufani ilishalisema zamani, mpaka kwenye ripoti za kesi za 1992 limo. Bila karatasi ni hadithi. Usumbufu, aibu, kukosa usingizi, hiyo ni hasara ya jumla, haina risiti, jaji anakadiria mwenyewe anavyoona. Kwa hiyo keki yangu ilikuwa imekaa pabaya, sio aibu tupu maana nilikatwa hela, ila sikuwa na karatasi ya mama wa bi harusi kusema nilimkata 50,000 kwa sababu krimu iliyeyuka. Na nani anakwenda kumwomba mama wa bi harusi karatasi kama hiyo wiki ya harusi?

Wakati nahangaika na haya nikaongea na mdogo wangu aliyeolewa Uingereza, nikidhani kule kwa wenzetu ukishinda unalipwa mpaka chai. Kumbe na wao ni hivyohivyo tu. Ukiandikiwa tiketi na halmashauri ukakata rufaa kwenye baraza lao la rufaa, hulipi ada, lakini gharama zako hupewi isipokuwa upande wa pili umefanya mambo ya hovyo kupitiliza, ukorofi wa wazi. Kinachotofautiana ni zile kampuni binafsi za maegesho, hizo zikikudai zinakupeleka mahakama ya madai madogo, na ukishinda mbele ya jaji unaweza kuomba nauli yako na mshahara wa siku uliyopoteza, ila mshahara una mwisho wake, pauni 95 kwa siku. Yeye alishawahi kushinda kwa barua tupu kabla ya kufika mahakamani, hakupata hata senti. Nikajisikia nafuu kidogo, ubaya huo jamani lakini ndo ukweli.

Basi mtoto wa shangazi akanishauri njia ya upole. Andika barua fupi, usitukane, usiandike kwa herufi kubwa (ananijua), usiseme nitawashtaki kama hutawashtaki. Ambatanisha ile barua yao wenyewe inayosema deni halikuwa lako, hiyo ndo silaha yako kwa sababu wamekiri kosa kwa maandishi na mhuri. Halafu dai yale tu yenye karatasi. Na wakigoma kabisa, ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, kupeleka malalamiko pale ni bure, mtumishi wa umma akikutendea ndivyo sivyo hiyo ni kazi yao.

Yenye karatasi yalikuwa mawili. Kiapo, maana wakili alinipa risiti, na steshenari, yule kaka ana mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, na siku ile iliamua kufanya kazi. 24,500. Kutoka 169,500.

Nilikaa na hiyo barua siku tatu sijaituma kwa hasira. Nikaiongeza na zile 32,000 za coaster, nikaandika pembeni kwamba hazina tiketi ila tarehe zake ni zilezile mlizonisainisha kwenye kitabu cha wageni getini kwenu, na hili nililifikiria mwenyewe usiku, hata mwanasheria alisema dada hapo umenishinda. Nikatuma kwa barua pepe na kopi ya mkono kupitia jirani aliyekuwa anakwenda Ligula hospitali kumwona mgonjwa.

Wiki sita kimya. Afu akanipigia yuleyule dada wa Noah nyeupe, sauti ya chini kama anaongea yuko kabatini, akasema wakubwa wamekaa, hakuna kifungu cha kumlipa mtu nauli, lakini kwa sababu kiapo walikitaka wao na kosa lilikuwa lao, wamekubali kwa busara tu kurudisha ya kiapo na kopi. 24,500. Coaster hapana, kitabu cha wageni kinaonyesha nilifika, hakionyeshi nilifikaje, ningeweza kuwa nimepewa lifti. Nikataka kubisha, nikakumbuka lile jua na kijana na kimashine, nikasema ahsante dada yangu.

Akasema ila mama, lazima uje mwenyewe usaini vocha ya malipo.

Nikamwuliza nije wapi. Akasema hapa ofisini, Mtwara.

Nauli 16,000, bodaboda 4,000, inabaki 4,500. Mume wangu alicheka mpaka akatoka nje. Nikamwambia dada nisubiri, sitakuja kesho wala keshokutwa, nikakaa mpaka korosho za mnada zikalipwa na harusi zikaanza kufuatana kama kawaida ya huku Kusini, nikapata oda ya Chikongola, keki ya ghorofa mbili, mafuta kayalipa mwenye harusi. Nikapeleka keki kwanza, safari hii vijiti ninavyo, halafu nikaenda mjini nikapaki palepale karibu na soko. Kijana alikuwa yuleyule, akanitambua, akaangalia kimashine akasema mama leo huna deni. Nikalipia saa moja, nikamwomba asimame pembeni ya gari nikapiga picha, namba inaonekana, rangi inaonekana, na stakabadhi nimeishika mkononi, ndo nikapanda ngazi kwenda kusaini.